Nkambo wetu alikuwa na kazi

Bwana Mhariri,

Tangazo la kifo cha nkambo wetu, yaani bibi yetu, wa Katuba, mlilolitoa wiki mbili zilizopita, lina kosa. Kosa si lenu. Fomu niliijaza mimi mwenyewe, nimesimama kaunta, huku nyumbani wakinisubiri nirudi na maturubai ya kilio. Palipoandikwa "Kazi" nikaandika "Hana". Nikalipa, nikaondoka. Gazeti lilipofika kwenye kilio, mama mmoja aliyeimba naye kwaya alilisoma, akalikunja, akanirudishia bila kusema neno.

Naomba nafasi kidogo nisahihishe.

Mume wake alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya madini ya shaba, akaendelea na kazi ileile kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967. Kambini kulikuwa na fuaye, wake za wafanyakazi wakifundishwa kushona, kudarizi na namna ya kuwa mke mwema. Nkambo alichukua sindano, mengine akawaachia wenyewe. Vitambaa vyake vya meza vilikuwa na samaki, baiskeli, na lile bomba refu la kiwanda na mlima mweusi wa mabaki ya madini pembeni yake. Uzi mweusi ndio ulioisha haraka. Watoto saba walisoma kwa vitambaa hivyo, halafu mimi nikaandika "Hana".

Gitaa hakuwahi kuwa nalo. Alimpenda Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa yule aliyerekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na kidole gumba chake kikijibizana na cha shahada kama watu wawili barabarani. Sisi wajukuu alitutengenezea gitaa la galoni ya mafuta, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Tulipiga barazani, yeye yuko uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukisimama, ujue umekosea.

"Mutoto, umeruka mutu pale njiani. Rudia, umuchukue."

Unarudi, unamchukua yule mtu, mchi unaanza tena. Siku nyingine tulikula saa tatu usiku, na aliyenung'unika ni babu peke yake.

Halafu kuna picha. Wasomaji wenu wa umri wangu wataikumbuka, maana miaka ya 1970 ilikuwa kwenye sebule nyingi za mji huu: mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, saa mkononi. Ya kwetu ilichorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Mchoraji alipita nayo kwenye baiskeli, babu akasema tunanunua redio kwanza, nkambo akatoa pesa zake za vitambaa. Redio ilikuja baada ya miaka miwili. Baadaye mama mkubwa wetu akaingia kanisa la uamsho, akasema ile ni picha ya shetani, ichomwe. Nkambo hakubishana naye. Siku moja tukaona ukuta mtupu, tukadhani imechomwa kweli, hata mimi niliacha kuulizia.

Siku ya tatu ya kilio tuliinua godoro lake. Ilikuwa pale, imefungwa ndani ya kikwembe, rangi ya bluu haijapauka hata kidogo. Mama mkubwa aliishika kwanza yeye. Nilijua atasema nini. Akaangalia lile saa mkononi, akasema tu, "Alikuwa ananiambia niisome saa hapa, wakati natoka masomo." Picha iko kwake sasa; kama ameitundika, hajatuambia, nasi hatujauliza.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naomba mrudie tangazo, nitalipa tena. Kwenye "Kazi" wekeni: mdarizi, mwimbaji wa kwaya, mwalimu wa gitaa. Najua nafasi ile kwenye fomu ni fupi. Kama haitoshi, futeni jina langu pale chini.

Mjukuu wake,
Katuba, Lubumbashi