Kaburi la bibi lisijengwe kwa haraka ya arobaini

Mhariri,

Tuna ombi kwa wajukuu wanaorudi nyumbani kumzika bibi, hasa huku Kilimanjaro ambako wengi wetu tunazika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo: msimjengee kaburi kabla masika moja haijapita juu yake.

Haraka inatoka wapi, tunajua. Likizo zinakwisha, michango imeshakusanywa kwenye kikundi cha WhatsApp, na kila mjukuu anataka arobaini imkute bibi amelala mahali panapong'aa. Mapenzi hayo ni ya kweli, na bibi aliyelea kizazi kizima anastahili zaidi ya hayo. Lakini udongo hauijui arobaini. Shimo la futi 6 likifukiwa, udongo unarudi umejaa hewa. Mvua ndiyo inayoushusha, kidogo kidogo, miezi mingi. Baadaye jeneza nalo huoza, kifuniko hubonyea, na udongo hushuka mara ya pili. Zege lililomwagwa wiki ya sita hubaki linaning'inia juu ya uwazi. Ufa wa kwanza hukata katikati, maji yakaingilia hapo, vigae vikaanza kubanduka upande wa kichwani, na fedha za ukoo zikawa zimekwenda.

Kwa arobaini, msalaba wa mninga unatosha. Sehemu inayoingia ardhini ipakwe oili chafu kuzuia mchwa, na jina liandikwe kwa rangi ya mafuta. Tuta liachwe na kimo cha futi moja au moja na nusu. Msilisawazishe ili lipendeze, maana litashuka lenyewe. Kama kihamba kina mteremko, chimbeni mfereji mdogo upande wa juu ili maji yapite pembeni.

Jambo moja lifanyike siku ileile ya mazishi, na karibu kila familia hulisahau. Kabla ya kufukia, pigeni vipande 4 vya nondo ardhini, kila kimoja futi moja nje ya pembe ya shimo. Shimo likishafukiwa hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ukingo wake ulikuwa wapi, na fundi atakayekuja mwaka unaofuata atakuwa anabahatisha. Akikosea, upande mmoja wa zege utakaa juu ya udongo uliochimbwa.

Ujenzi wenyewe unategemea hapo. Shimo likiwa futi 7 kwa 3, zege liwe futi 8 kwa 4, ili kila upande upate nusu futi ya kulalia kwenye ardhi ambayo haikuguswa na jembe. Kwa unene wa inchi 4 mtahitaji mifuko 2 ya saruji na nondo 3 za milimita 10, zile za futi 40. Kwa kila mfuko pimeni ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo za lita 20. Maji yasizidi ndoo moja na nusu; zege la kumiminika kama uji humrahisishia kibarua kazi, lakini likikauka ni dhaifu. Nondo zisukwe kwa nafasi ya inchi 8 na zilale chini, inchi moja tu kutoka kwenye udongo, zikiwa zimeinuliwa kwa vipande vya zege. Mafundi wengi huziweka juu. Huko hazisaidii kitu, kwa sababu udongo ukishuka ni upande wa chini wa zege unaovutika na kupasuka. Baada ya hapo mwagilieni siku 7 asubuhi na jioni, magunia yaliyolowa yakiwa juu. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Kama ukoo unakutana Desemba tu, kazi inawezekana pia, ila turubai liwe karibu.

Vigae si lazima. Mkivitaka, gundi ipakwe kigae kizima. Wakiweka madonge manne kwenye pembe, maji hujikusanya kwenye uwazi uliobaki na jua hukibandua.

Tukija kwenye maandishi, hapo ndipo tunapoumia zaidi kuliko kwenye nyufa. Kwa miaka 60 bibi aliitwa Mama Fulani, kisha Bibi Fulani, na siku ya kuchonga jiwe wajukuu wanagundua hawajui jina la baba yake. Muulizeni mdogo wake aliye hai, au nendeni parokiani au usharikani mkaombe kitabu cha ubatizo. Humo kwa kawaida kuna jina lake, la wazazi wake na tarehe. Andikeni na ukoo aliozaliwa, si ule alioolewa peke yake. Kama mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia, andikeni "takriban", au wekeni mwaka wa kufariki tu. Kitambulisho cha taifa nacho si hoja ya mwisho, kwa kuwa wazee wengi waliandikishwa kwa makisio. Karatasi ya maandishi isomwe na watu wawili wa familia, waisaini, ndipo mchongaji aanze. Herufi ikikosewa kwenye jiwe haifutiki. Graniti hustahimili mvua kuliko marumaru, na picha iliyochomwa kwenye kigae hudumu, wakati ile ya karatasi iliyowekwa chini ya kioo huingiwa na unyevu.

Miti mikubwa isipandwe karibu, mizizi yake hunyanyua zege. Masale yanatosha, na hakuna mmea unaofaa zaidi kwa bibi wa Kichaga.

Na kama babu bado yupo, au amesema anataka kulala ubavuni kwake, acheni futi 4 za ardhi nzima kutoka ukingo wa zege la bibi. Mkichimba karibu zaidi ya hapo, mnaweza kulidhoofisha lile egemeo la nusu futi, na kaburi la bibi likaangukia kwenye shimo jipya kabla babu hajashushwa.

Mafundi waashi,
Moshi Vijijini