Karatasi ya jeni isiingizwe kwenye posa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeshauri vijana wapimwe "jeni zote" kabla ya ndoa. Kwa seli mundu sina ubishi naye. Mume akiwa na chembe ya ugonjwa ule na mke akiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa, na hesabu hiyo haiyumbi. Shida yangu ni hilo neno "zote". Nyumbani kwangu limeshaingia, na limeharibu kahawa.

Mwezi uliopita watu walikuja kumposa binti yangu. Haluwa imeliwa, mazungumzo yanakwenda vizuri, mara shangazi wa yule kijana anayeposa, mama mwenye heshima zake, akanigeukia: "Kaka, tumesikia una maradhi ya macho ya ukoo. Binti ana karatasi ya vinasaba?" Siku ile nilikosa la kusema. Najua gazeti hili analisoma, kwa hivyo leo namjibu.

Maradhi yangu yanaitwa Behçet, kwa jina la Hulusi Behçet, dakta wa ngozi wa Istanbul aliyeyaeleza mwaka 1937: vidonda kinywani, vidonda sehemu za siri, na jicho kuvimba kwa ndani. Kinga ya mwili inapandwa na hasira pasipo adui, inaishambulia mishipa ya damu ya mwenyewe. Mara nyingi humkamata mtu baina ya miaka 20 na 40. Wagonjwa wengi wako kwenye njia ya zamani ya misafara ya hariri, kuanzia Uturuki na Iran mpaka Japani. Huku kwetu ni adimu, na adimu yake ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa fundi cherehani Maskati, nashona dishdasha, kanzu za Kiomani, mtaani Matrah. Vidonda vya mdomoni vilipoanza nikasingizia pilipili. Vilipotokea na chini, nilikuwa likizo Unguja, nikaenda kituo kimoja ambacho sikitaji. Hakuna aliyeniambia nifungue mdomo. Nikachomwa sindano za kaswende, nikaambiwa nimlete na mke wangu naye achomwe. Majibu ya damu yalitoka safi, lakini nani tena alikuwa na haja nayo? Mke wangu alifunga nguo zake akaenda kwao, akakaa wiki sita. Shemeji zangu tukikutana msikitini walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Niliporudi Maskati jicho la kushoto likawa jekundu, nikawa naona ukungu. Asubuhi moja nikajitazama kwenye kioo, nikaona kitu cheupe kimetuama ndani ya jicho, chini ya mboni, kama tui lililolala kwenye bakuli. Dakta wa macho aliniuliza habari za kinywa. Kisha akauliza, taratibu, "Na kwengine?" Kisha akanishika mkono, akaona vijipele vya usaha karibu na kiganja. Sisi mafundi huchomeka pini kwenye mkono wa shati tukiwa kazini, na kila iliponidunga, kesho yake panatoka kijipele. Mimi nikidhani ni kutu ya pini! Akanidunga mwenyewe kwa sindano safi, akanambia nirudi baada ya siku mbili. Niliporudi kijipele kilikuwa pale pale, kimeiva. Kumbe ngozi inayoota kijipele kwa kudungwa tu ni dalili ya Behçet. Sindano za mwanzo zilinitia kwenye ugoni, hii moja ikanitoa.

Sasa nije kwenye jeni, maana ndiyo aliyoiuliza shangazi. Nilipimwa, nikakutwa nayo. Inaitwa HLA-B51, iko kwenye kromosomu ya 6, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Kila seli ina visahani vya kuwaonyesha askari wa kinga vipande vya protini vilivyomo ndani yake, na HLA-B51 ni muundo mmoja wa visahani hivyo. Wajapani akina Shigeaki Ohno waliihusisha na Behçet zamani, tangu 1982. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba jeni nyengine, ERAP1, nayo imo. Hiyo ndiyo fundi mkasi: hukata vile vipande kabla havijawekwa kwenye kisahani, na namna mojawapo ya ukataji wake humwongezea hatari mtu mwenye B51. Ziko na nyengine, kila moja inachangia kidogo kidogo.

Mwenye B51 hatari yake ni kiasi cha mara sita ya asiye nayo. Inatisha ukiisikia hivyo. Lakini mara sita ya nini? Uturuki, ambako ugonjwa huu umejaa kuliko kwengine, uchunguzi wa Istanbul ulikuta wagonjwa 420 kwa kila watu 100,000. Na kule mtu mmoja kati ya watano hivi ana jeni hiyo, yaani watu 20,000 katika hao 100,000. Hata ukiwapa jeni hiyo wagonjwa wote 420, na si wote walio nayo, wanabaki 19,580 wanaotembea nayo bila ya ugonjwa. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, huko huko Uturuki, walioonekana kuugua ni kama 4 kwa 100. Na Waturuki waliohamia Ujerumani huugua kidogo kuliko walio nyumbani, ingawa huwashinda Wajerumani wenyewe. Basi na mahali pana sehemu yake, si damu peke yake.

Kaka yangu alipimwa pamoja nami. B51 anayo kama mimi. Ana miaka 61, anakula embe mbichi kwa pilipili na chumvi, na hajawahi kuota kidonda cha mdomo hata kimoja. Mimi nikimwangalia anavyotafuna namwonea wivu.

Jambo jengine, shangazi. Mabingwa wa nchi nyingi walikaa wakatoa alama za kuutambua ugonjwa huu mwaka 2014. Macho alama mbili, vidonda vya sehemu za siri mbili, kinywa mbili vilevile, ngozi moja, mishipa ya damu moja, mishipa ya fahamu moja, na kile kijipele cha sindano nacho moja. Zikifika nne, ni Behçet. Jeni hawakuipa hata alama moja. Wewe umeipa mia.

Binti yangu ana miaka 23. Nafasi ya kurithi B51 kwangu ni nusu kwa nusu, na akiirithi, uwezekano mkubwa kabisa ni kwamba atakuwa kama baba yake mkubwa. Akipata vidonda vya mdomo vinavyorudi rudi na jicho jekundu, nitampeleka kwa dakta siku hiyo hiyo, kwa sababu jicho langu la kushoto lilichelewa. Vidonge vya kolchisini na azathioprini vimenituliza, lakini uzi kwenye tundu la sindano siuoni tena. Ananitungia binti yangu, sindano kumi kila asubuhi, anazichomeka kwenye mto kabla hajaondoka kwenda kazini.

Na kwa madakta wetu wa vituo vya mitaani nina ombi dogo: mtu akija na kidonda cha chini, mwambieni afungue mdomo kabla hamjamwita mkewe.

Mke wangu alirudi. Baba mkwe alisomewa barua ya dakta kutoka Maskati mara mbili, ya pili kwa sauti, shemeji zangu wakiwapo. Shangazi, binti hajapimwa na simpimi. Kahawa ipo, siku yoyote baada ya alasiri.

Fundi cherehani,
Unguja