Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: daftari langu lilikuwa la uongo

Kwako Daktari,

Salaam. Mimi ni mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Ninaishi na sukari mwaka wa tisa sasa, na kabla sijaomba ninalokuja kuomba, nina la kuungama.

Mwaka jana, kwa miezi mitatu, niliandika uongo kwenye daftari langu la sukari. Sikupima. Usiku wa kuamkia kliniki nilikaa na kalamu nikabuni: 6.2, 7.1, 6.8, halafu 9.4 moja ili wasishtuke. Nikabadilisha na kalamu, ya bluu na nyeusi. Vijiti vya kupimia nilikuwa navyo (bei yake ina barua yake siku nyingine). Nilikuwa nimechoka kutoboa kidole, halafu nisomewe namba kama mtoto aliyefeli mtihani. Mara ya mwisho nilipopeleka daftari la kweli, lenye 17, niliulizwa mbele ya benchi zima, "Mama, unataka tukukate mguu?" Watu wakacheka. Jina la kliniki silitaji. Muuguzi alikuwa peke yake na foleni hadi nje, na sidhani kama naye aliwahi kuulizwa hali yake.

Damu haikunisitiri. Kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, kilitoka asilimia 11.3, juu sana. Nikaongezewa dozi. Hakuna aliyeuliza kwa nini daftari na damu haviongei lugha moja.

Daktari, wewe unajua kuliko mimi kwamba kuchoka huku si sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Mtu anacheka sokoni, analala vizuri, ila kisukari chenyewe ndicho kimemchosha. Tangu 1995 kuna dodoso la maswali 20 la kuipima dhiki hii, na baadaye likaja jingine la kuchuja, maswali mawili tu: unaona mzigo wa kuishi na kisukari umekuzidi? Unaona mara nyingi unashindwa kufuata masharti yake? Hata foleni yetu inayamudu hayo.

Sasa anayejibu ndiyo apelekwe kwa nani? Kwenye kliniki za CTC, zile za matibabu ya VVU, kuna WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaomeza dawa zilezile, wanaokaa na mgeni pembeni na kumwambia, "Hata mimi nilizitupa dawa, nikarudi." Sisi wa sukari tuna bango la vyakula. Bango linasema nipunguze wanga. Halisemi nifanyeje msibani Ujiji, sinia la ugali wa muhogo liko katikati, migebuka inaelea kwenye mawese, na shangazi ananikazia macho kwamba nadharau chakula cha watu. Mwenzangu aliyekwishapita hapo angenielekeza: anza na samaki, tonge chelewesha, shangazi mtanie.

Ninachoomba ni wagonjwa wazoefu wawili kwa kila kliniki ya kisukari mkoani. Wafundishwe kusikiliza bila kukaripia, wafundishwe pia kumtambua aliyekata tamaa ya kuishi ili wamkabidhi kwa daktari siku hiyohiyo. Wapewe nauli. Dozi waachieni wataalamu.

Mkikubali, mimi niandikeni wa kwanza. Mafunzo yawekwe siku za mbalamwezi, maana siku hizo dagaa hawavuliwi.

Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi