Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Mirerani tunakosa maji, hatuna uvivu

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Mimi ni mchorongaji, mtoboa mwamba kwa mashine, katika mgodi mdogo wa tanzanite hapa Mirerani, wilayani Simanjiro. Nisingekuandikia hadharani kama barua tulizoleta ofisini kwako zingejibiwa, na kama katika mkutano wa juzi usingetamka, mbele ya wake zetu na wanunuzi wa madini, kwamba uzalishaji umeshuka kwa sababu wachimbaji wadogo tumezoea kufanya kazi kivivu. Ulitutaka tuongeze kasi. Hakuna mtu Mirerani anayeitaka kasi hiyo kuliko sisi, maana wengi wetu hatulipwi mshahara, tunasubiri mgawo jiwe litakapopatikana.

Lakini mwamba huu tunauchoronga mkavu, bila maji. Mashine ikishaingia, unga wa mawe unabaki ndani ya tundu, chuma kinakwama, ncha inapata moto na kulika kabla ya wakati wake. Vumbi likijaa, taa ya kichwani haionyeshi hata mkono wa mwenzako aliyeshika mashine upande wa pili, nasi tunalazimika kuzima na kusubiri litulie huku limeganda kwenye kope na kupenya kitambaa tulichojifunga puani. Baada ya hapo ndipo tujaze baruti, tulipue, tusubiri moshi utoke, kisha tutoe kifusi kwa viroba. Muda unaouona umepotea unapotelea humo, wala kuongeza baruti hakuwezi kuurudisha, kwa kuwa baruti nyingi huongeza moshi na kulegeza dari.

Tatizo hili lilishapatiwa dawa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, John George Leyner wa Colorado, Marekani, alitengeneza mashine iliyopuliza hewa kupitia chuma chenye tundu katikati. Ilichoronga kwa kasi, lakini vumbi lake liliua, na mashine za namna hiyo wachimbaji wakaziita watengeneza wajane. Leyner akapitisha maji katika tundu hilo hilo. Maji yalisafisha unga, yakapoza ncha na kulaza vumbi, hivyo kasi na uhai wa mchorongaji vikaenda pamoja. Sisi leo tunafanya kazi ambayo wenzetu waliikataa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Wiki iliyopita kijana ninayeshika naye mashine alitolewa shimoni akikohoa damu. Daktari amemwambia mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mwamba, na kwamba ugonjwa huo hauna tiba. Ana mke na mtoto anayenyonya. Mimi mwenyewe siku hizi napanda ngazi kwa kupumzika, na usiku nalala nimekaa. Mheshimiwa, huyo ndiye uliyemwita mvivu.

Uliahidi, ukiwa umesimama kwenye uwanja ule ule wa mkutano, kwamba bomba la maji litafika machimboni kabla ya masika. Masika yamepita. Tunasikia fedha zimehamishiwa kazi nyingine. Huenda ni kweli, na huenda ofisini kwako maji yanahesabiwa kuwa mahitaji ya majumbani tu, wala hayaingii kwenye orodha ya vifaa vya mgodi. Maji ya maboza tunayonunua hayatoshi hata kunywa na kupikia, sembuse kuchorongea. Nakukumbusha tu kwamba ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo haya ulijengwa kwa miezi michache na kuzinduliwa Aprili 2018. Palipo na nia, kazi ilifanyika.

Tulikuwa na maombi mengi: feni za kutoa moshi, winchi, mikopo ya kompresa. Hayo yote tunayaweka kando kwa sasa. Tunaomba bomba la maji lifike machimboni, na tunaomba tarehe yake kwa maandishi. Tuletee maji, Mheshimiwa, kabla hujatudai kasi tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchorongaji, Mirerani