Kesi ya Trump ya Februari 2021: upendeleo uliingilia kwenye kanuni

Mhariri,

Kesi ya pili ya Donald Trump mbele ya Seneti ya Marekani bado inaelezwa katika kurasa za maoni kwa namna mbili. Wapo wanaoandika kwamba alisafishwa. Wengine wanasema kila seneta alifuata chama chake, kwa hiyo hapakuwa na kesi yoyote. Maelezo yote mawili yanampotosha msomaji. Maseneta 57 kati ya 100 walimwona ana hatia, wakiwamo saba wa Republican, na hakuna kesi ya rais kabla ya hapo ambapo maseneta wengi kiasi hicho wa chama cha mshtakiwa walipiga kura ya kumtia hatiani. Kilichomwokoa ni kwamba zilihitajika kura 67, yaani theluthi mbili. Na wengi wa wale 43 waliompinga Jamie Raskin na wenzake, wawakilishi walioendesha mashtaka, hawakudai kwamba Trump hakuchochea uvamizi wa Capitol, jengo la Bunge la Marekani. Walisema Seneti haina mamlaka ya kumhukumu mtu aliyekwisha kuondoka madarakani.

Hoja hiyo ya mamlaka ndiyo ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyoviwezesha vyama kuikwepa kesi yenyewe.

Tuanze na tarehe. Uvamizi ulitokea tarehe 6 Januari 2021. Baraza la Wawakilishi lilipitisha shtaka tarehe 13 Januari kwa kura 232 dhidi ya 197, na wawakilishi kumi wa Republican waliunga mkono. Trump alikuwa bado na siku saba Ikulu. Chuck Schumer, kiongozi wa Democratic katika Seneti, alitaka iitwe kwa dharura. Mitch McConnell wa Republican, aliyekuwa bado kiongozi wa walio wengi, alikataa kuirudisha kabla ya tarehe 19. Shtaka lilikabidhiwa Seneti tarehe 25, mshtakiwa akiwa ameshahamia Florida, na mwezi uliofuata McConnell akapiga kura ya kumwachia kwa sababu amekwisha kuondoka. Baada ya kura hiyo alisimama ukumbini na kusema kwamba Trump anabeba dhamana ya tukio lile kivitendo na kimaadili. Mtu mmoja alichangia kuchelewesha kesi, kisha akautumia ucheleweshaji huohuo kuwa sababu ya kutohukumu.

Swali la mamlaka halikuwa geni. Mwaka 1876 Waziri wa Vita, William Belknap, alijiuzulu saa chache kabla ya Baraza kumshtaki kwa rushwa. Seneti iliamua kwa kura 37 dhidi ya 29 kwamba bado inaweza kumhukumu. Lakini ilipofika hukumu, maseneta walioshindwa katika hoja hiyo waliirudia: walipiga kura ya kumwachia, wengi wao kwa maelezo kwamba Seneti haina mamlaka, na theluthi mbili haikupatikana. Mwaka 2021 yalijirudia hayohayo. Tarehe 9 Februari Seneti iliamua kwa kura 56 dhidi ya 44 kwamba kesi ni halali. Siku nne baadaye 43 kati ya hao 44 walipiga kura ya kumwachia.

Katika mahakama zetu za Tanzania hili haliwezekani. Pingamizi la awali likitupwa, mahakama inaingia kwenye ushahidi, na hakimu hawezi kumwachia mshtakiwa mwishoni kwa hoja iliyokwisha kukataliwa. Katika wale 44, aliyeifuata nidhamu hiyo ni seneta mmoja tu, Richard Burr wa North Carolina. Tarehe 9 alipiga kura kwamba kesi inakiuka Katiba. Tarehe 13 alisema Seneti imekwisha kuamua, hivyo kilichobaki ni ushahidi, na akamwona Trump ana hatia. Siku mbili baadaye chama chake jimboni kilimpitishia azimio la kumlaani.

Upande wa utetezi nao ulikuwa na malalamiko ya haki, na anayedai usawa hana budi kuyataja. Baraza la Wawakilishi lilipitisha shtaka bila kusikiliza shahidi hata mmoja katika kamati yake ya sheria, na bila kumpa mshtakiwa nafasi ya kujibu. Jaji Mkuu John Roberts hakuongoza kesi, kwa kuwa Katiba inamtaja pale tu anapohukumiwa rais aliye madarakani. Nafasi yake ilichukuliwa na Patrick Leahy, seneta wa Democratic, ambaye aliongoza kikao na pia akapiga kura. Vilevile shtaka lilikuwa moja tu lakini lilibeba mambo kadhaa: hotuba ya tarehe 6, madai ya muda mrefu kwamba uchaguzi uliibwa, na simu ya tarehe 2 Januari kwa msimamizi wa uchaguzi wa Georgia. Mawakili walisema, na hapa walikuwa na hoja nzito, kwamba shtaka la namna hiyo linaruhusu theluthi mbili kupatikana hata kama maseneta hawakubaliani ni tendo lipi limethibitishwa. Dawa yake ilikuwa kuligawa shtaka, na Baraza halikufanya hivyo.

Kuhusu waamuzi wenyewe, kila seneta aliapa kutenda haki bila upendeleo. Lakini hawa ni watu waliokimbizwa ukumbini siku ya uvamizi. Walikuwa mashahidi na waathirika kwa wakati mmoja. Mzee wa baraza aliyeshuhudia tukio asingeruhusiwa kukaa kwenye kesi yake. Seneti haina utaratibu wa kumwondoa mwamuzi wa aina hiyo. Haizuii pia seneta kukutana na mawakili wa upande mmoja: tarehe 11 Februari, kesi ikiendelea, Lindsey Graham, Ted Cruz na Mike Lee walikutana na timu ya utetezi. Hakuna hata kipimo cha uthibitisho. Mwaka 1986, katika kesi ya Jaji Harry Claiborne, Seneti ilikataa pendekezo la kuweka kipimo cha bila kuacha shaka, ikamwachia kila seneta apime kwa kipimo chake. Na hakuna pa kukata rufaa, kwani Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1993 kwamba namna Seneti inavyoendesha kesi hizi si jambo la mahakama.

Kuhusu mashahidi pande zote mbili zinastahili lawama. Asubuhi ya tarehe 13 Seneti ilikubali kwa kura 55 dhidi ya 45 kwamba mashahidi wanaweza kuitwa. Saa chache baadaye viongozi walielewana kwamba asiitwe yeyote, na maelezo ya maandishi ya mwakilishi Jaime Herrera Beutler, kuhusu simu kati ya Trump na Kevin McCarthy, kiongozi wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, siku ya uvamizi, yakaingizwa kwenye kumbukumbu. Utetezi ulikuwa umetishia kuita mashahidi lukuki, na wa Democratic walitaka Seneti irudi kuwathibitisha mawaziri wa Biden. Kesi ilikwisha siku hiyohiyo, ya tano tangu ianze. Aliyezungumza na Trump kwa simu wakati milango inavunjwa hakuhojiwa na upande wowote.

Shinikizo la chama nalo linaonekana wazi kwenye kalenda ya uchaguzi. Katika maseneta saba waliomwona Trump ana hatia, Burr na Pat Toomey walikuwa wameshatangaza kwamba hawagombei tena. Bill Cassidy, Susan Collins na Ben Sasse walikuwa wamechaguliwa upya miezi mitatu tu nyuma. Mitt Romney alikuwa na muda hadi 2024. Aliyekabili wapiga kura mwaka 2022 ni Lisa Murkowski peke yake, na jimbo lake la Alaska lilikuwa limeachana na kura za maoni za ndani ya chama, likaweka mchujo wa wazi kwa wagombea wote. Kwa wawakilishi kumi wa Republican waliopitisha shtaka hali ilikuwa ngumu zaidi: wanne hawakugombea tena, wanne walishindwa kwenye mchujo, Liz Cheney akiwa mmojawapo, na waliorudi bungeni baada ya uchaguzi wa 2022 ni wawili tu. Mwanasiasa anayejua kwamba kura za maoni zinamsubiri huupima ushahidi huku akiwatazama makada wa jimboni kwake. Kiapo hakikuyazuia hayo.

Hata hesabu ya Katiba iliacha mwanya ambao haukutumika. Inadai theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria, haidai ya wote. Kama maseneta 15 tu kati ya wale walioamini kwamba hawana mamlaka wangebaki nje ya ukumbi, waliohudhuria wangekuwa 85, na kura 57 zingetosha. Seneta anayesema hana mamlaka ya kuhukumu, kisha anapiga kura ya "hana hatia", amekwisha kuhukumu. Na kwa kuwa hatia haikupatikana, kura ya pili, ya kumzuia asishike tena wadhifa, haikupigwa kabisa, ingawa hiyo huhitaji wingi wa kawaida tu. Trump aligombea mwaka 2024 na kuapishwa tena tarehe 20 Januari 2025.

Jirani zetu wa Kenya wamefunga baadhi ya mianya hii. Ibara ya 145 ya Katiba yao inadai theluthi mbili ya maseneta wote, na kila shtaka hupigiwa kura yake. Oktoba 2024, Seneti ilipomhukumu Naibu Rais Rigathi Gachagua, mashtaka yalikuwa 11 na yaliyothibitishwa ni matano. Hata hivyo, kikao kiliendelea hadi hukumu wakati mshtakiwa amelazwa hospitalini, na malalamiko yake kuhusu hilo ni ya msingi.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 46A inaweka kamati ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu kabla ya Bunge kupiga kura, na inataka theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini Ibara ya 46(3) inampa Rais mstaafu kinga dhidi ya mashtaka kwa aliyoyatenda akiwa Rais, isipokuwa kama ameondolewa na Bunge kwa utaratibu huo. Sasa Rais akijiuzulu kamati ikiwa katikati ya kazi, kama alivyofanya Belknap, uchunguzi unaendelea au unakufa? Ibara hizo hazisemi, na kwa maneno ya Ibara ya 46(3) anabaki na kinga. Mjadala wa Katiba utakaporudi, naomba wanasheria na wabunge watakaoketi humo walijibu swali hili kwa maandishi, wakati hakuna jina la mtu yeyote mezani.

Msomaji wenu,
Dodoma