Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: Tunaomba Maji Katika Chumba cha Vidonda

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zilizopita hazikujibiwa, na sasa mdogo wangu ameumia.

Wiki iliyopita alimwagikiwa kostiki soda pajani na mkononi akitengeneza sabuni za miche. Tulimkimbiza zahanati, tukakuta bomba halitoi hata tone. Muuguzi, ambaye simlaumu kwani alikuwa peke yake zamu nzima, alimfunga gozi kavu huku suruali iliyolowa kemikali ikiwa bado mwilini.

Mheshimiwa, wewe ni daktari, unajua kwamba kostiki hugeuza mafuta ya mwili kuwa sabuni, kama inavyofanya ndani ya ndoo, na kwamba huendelea kuzama ndani ya nyama mpaka ioshwe. Mgonjwa wa namna hii huvuliwa nguo mara moja na kumwagiwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, mara nyingi zaidi ya hapo, bila kupakwa ndimu wala siki, maana huzidisha joto kwenye kidonda. Gozi, tena yenye mafuta isiyonata, huja baadaye, pamoja na dawa ya maumivu kabla ya kila usafishaji. Hayo yote yanaanza na maji.

Katika mkutano wa hadhara ulituahidi, mbele ya wazee, kwamba tenki litaunganishwa na wauguzi watapewa mafunzo ya majeraha ya kemikali. Tenki limesimama pale, na bomba halijafika chumba cha vidonda. Nahisi fedha za kuunganisha zimekwama mezani kwa mtu.

Gharama ya ukimya huo naibeba mimi. Genge langu nimelifunga. Kila asubuhi nalowanisha gozi iliyoganda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, naibandua kidogo kidogo, naye ameuma pindo la kanga ili watoto wasisikie. Amejiajiri, hana mwajiri wa kumlipa fidia, na mkono ulioungua ndio wa kazi.

Mafunzo tunayataka, gozi tunazitaka, lakini leo naomba maji: bomba moja linalotoa maji ndani ya chumba cha vidonda, na pipa lililojaa kwa siku ambazo bomba litakauka. Naomba maji, Mheshimiwa, kabla hajaletwa mwingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dada wa majeruhi