Mitandao ya kijamii haikuanza na Facebook

Mhariri,

Wiki iliyopita nilimsikia mtangazaji wa redio moja hapa Kampala akiwaambia vijana kwamba kabla ya Facebook watu hawakuwa na pa kukutania kwenye kompyuta. Naomba nafasi nisahihishe, maana jambo hili nililiishi.

Facebook ilizaliwa mwaka 2004. Miaka 26 kabla yake, Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess wa Chicago walifungua ubao wa matangazo wa kompyuta, yaani kompyuta ambayo watu waliipigia simu kwa kompyuta zao ili kuacha na kusoma ujumbe, wazo lililowajia dhoruba ya theluji ilipowafungia ndani. Laini ya simu ilikuwa moja tu: mmoja akiingia, wengine wasubiri. Maandishi yalikuja polepole, kama herufi 30 kwa sekunde. Kisha mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco akaanzisha FidoNet, na mbao za namna hiyo zikawa zinapigiana simu usiku, gharama ikiwa nafuu, na kupokezana barua.

FidoNet hiyo hiyo ndiyo iliyotufikia sisi. Mapema miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo chake, wakati intaneti kamili bado tunaisikia kwa mbali. Mimi nilikuwa karani kijana katika ofisi moja mjini. Jioni tulizikusanya barua zote, modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ikaanza kukwaruza na kupiga miluzi. Mvua ikinyesha laini inakatika, tunaanza upya. Asubuhi majibu yalitoka kwenye karatasi zile zenye matundu pembeni; nayachana moja moja na kuwapelekea wenyewe. Namkumbuka daktari mmoja aliyelisoma jibu lake kutoka Ulaya akiwa amesimama mlangoni, hata koti la mvua hajalivua. Kwa posta angesubiri majuma.

Kinachoniuma ni kwamba ofisi ile ilipohama, modemu, disketi na majalada ya barua vilirushwa kwenye lori la taka. Hakuna aliyeuliza. Na walioendesha vituo vile wanazidi kuzeeka bila mtu kuwahoji.

Naliomba Jumba la Makumbusho la Uganda litenge hata meza moja kwa ajili ya historia hii, na gazeti lako litume mwandishi akawarekodi wazee hao wangali wanakumbuka. Modemu moja niliwahi kuiokoa kwenye lile lori. Nimeitunza kabatini na waya wake. Wakati wowote nikiitwa, nitaileta.

Karani mstaafu,
Ntinda, Kampala